Kifuko cha Maji Katika Ini la Mbuzi

Kila mtu wa huku kwetu aliyepata kuchinja mbuzi au ngamia amekiona kitu nitakachokieleza mwezi huu. Umekwisha kumpasua mnyama, watoto wamekuzunguka, na mbwa wamekaa mbali kidogo wakingoja. Unalitoa ini, nalo lina kitu cheupe cha mviringo kama yai lisilo na gamba, pengine kidogo kama punje ya dengu, pengine kikubwa kama chungwa. Ukikitoboa kwa kisu, maji safi huruka. Basi wewe hukikata kile kipande kibovu na kukitupa, na kabla hakijatulia chini mbwa amekwisha kukimeza. Ini zuri laenda sufuriani, bovu limekwenda kwa mbwa, na kila mmoja ameridhika.

Ndugu mkulima wa Namoruputh, na wewe uliye katika mashamba ya maji mahali pengine kati ya Lodwar na Kakuma, tendo hilo la kutupa ndilo nitakalo tulizungumze. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si daktari. Lakini nilifundishwa ualimu kabla ya kuingia ofisini, na jambo hili laweza kuelezwa kwa mtu yeyote kama linavyoelezwa darasani, maana halina uchawi ndani yake. Ni habari ya mnyoo mmoja mdogo sana na safari yake.

Mnyoo huyu ni wa jamaa ya tegu. Mkisikia tegu, wengi wenu mnafikiri ule mrefu kama utepe unaomtoka mtu vipande vipande. Huyu si hivyo. Urefu wake ni milimita 3 mpaka 6 tu, yaani haupiti punje ya mtama. Wataalamu humwita kwa Kilatini Echinococcus granulosus, na hilo ndilo jina gumu la mwisho nitakalowapa leo. Makao yake ni utumbo mwembamba wa mbwa. Kichwani ana kulabu ndogo ndogo za kujishikia, na mkiani ana kipande kimoja kilichojaa mayai. Mbwa mmoja aweza kuwa na minyoo hiyo maelfu, naye akawa mnene, akabweka vizuri usiku, akafukuza fisi, wala usione dalili yoyote ya ugonjwa. Hapo ndipo tunapodanganyika, kwani sisi tumezoea kumwamini mnyama kwa kumtazama.

Kipande cha mkiani hukatika na kutoka na mavi ya mbwa, pamoja na mayai mamia. Yai lenyewe halionekani kwa macho. Hushika manyoya ya mbwa chini ya mkia, na mbwa akijiramba husogeza mayai mpaka puani na ulimini, kisha hulamba bakuli, hulamba mkono, hulamba uso wa mtoto. Mayai mengine huangukia majani, mchanga, na maji ya kunywa. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala pamoja na majani, au akiyanywa, yai hupasuka tumboni mwake, na kijidudu kilichomo hutoboa utumbo na kuingia katika damu. Damu humchukua kwanza mpaka ini, na asipokwama hapo humchukua mpaka mapafu. Kwa sababu hiyo vifuko vingi huonekana katika viungo hivyo viwili. Mahali atakapotua hujenga kifuko cha maji, na ndani ya kifuko hicho huota vichwa vidogo vya minyoo mipya, mingi mno, kila kimoja kikingoja kuliwa na mbwa.

Mbwa akila kifuko hicho, kila kichwa huwa mnyoo mzima. Baada ya majuma sita au saba mnyoo huanza kutoa mayai, na safari imeanza tena.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1853 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Carl von Siebold alieleza jinsi alivyowalisha mbwa vifuko vya kondoo, kisha akawapasua na kuwakuta wana minyoo. Kabla ya hapo watu walidhani kile kifuko cha ini na ule mnyoo wa mbwa ni vitu viwili visivyojuana.

Sasa, mtu anaingia wapi katika safari hii? Mtu huingia kwa makosa. Mnyoo hakumtafuta, kwani mbwa hatazamiwi kula ini la mtu. Lakini yai halichagui. Mtu akilimeza, humfanyia kama lilivyomfanyia mbuzi: kifuko huota katika ini lake, au pafu lake, na mara chache katika figo, mfupa au ubongo. Hukua polepole sana, pengine miaka mitano, pengine kumi na zaidi, bila maumivu. Mtoto aliyelambwa usoni leo huenda akaonekana mgonjwa akiwa kijana wa kuoa. Madaktari huuita ugonjwa huu haidatidi.

Na hapa yapasa niseme wazi jambo ambalo watu wengi hulikosea. Ugonjwa huu hauletwi na kula nyama yenye kifuko. Mtu aliyekula ini lililokuwa na kifuko, hata kama halikuiva vizuri, hakupata haidatidi kwa njia hiyo. Mtu huupata kwa kumeza mayai, na mayai hutoka kwa mbwa. Tena mgonjwa hawezi kumwambukiza mkewe wala mtoto wake. Basi msimtenge mtu, wala msimtupe mbuzi mzima kwa ajili ya kifuko kimoja. Kata sehemu mbaya, kula iliyobaki, lakini ile sehemu mbaya uiangalie inakwenda wapi.

Turkana yetu imejulikana duniani kwa ugonjwa huu, sifa ambayo hatukuiomba. Mwaka 1963 Dk. George Nelson pamoja na mwenzake Robert Rausch waliandika habari za mnyoo huyu katika watu na wanyama wa Kenya. Baadaye, katika hesabu iliyotolewa mwaka 1982, ilionekana kwamba upande wa kaskazini-magharibi wa Turkana watu wapatao 220 katika kila 100,000 walikuwa wakiugua kila mwaka, na hesabu kubwa kama hiyo ilikuwa haijaandikwa mahali pengine. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuuzuia huko Lokichoggio, kwa kuwapa mbwa dawa, kupunguza mbwa wasio na wenyewe, kufundisha watu, na kuwapima matumbo kwa mashine ya picha. Ugonjwa ulipungua, walakini haukwisha.

Kwa nini hapa kwetu kuliko kwingine? Sababu ni maisha yetu na mbwa. Mbwa katika awi ni mlinzi, ni mla makombo, tena tangu zamani ni msaidizi wa mama katika usafi wa mtoto: mtoto akijichafua, mbwa huitwa akamlamba. Katika nchi isiyo na maji nani atalaumu? Mwenye kuteka maji mwendo wa saa tatu hatayamwaga kwa kuoshea kila uchafu. Nasema haya bila dharau, kwa sababu najua wageni wengi wamelicheka jambo hilo bila kuuliza maji yako wapi. Lakini hesabu za wagonjwa zimeonyesha kwamba wanawake wanaugua zaidi ya wanaume, na si ajabu, kwani mwanamume hushinda malishoni, na mama hushinda nyumbani pamoja na mtoto na mbwa.

Nitawaeleza habari moja niliyoishuhudia. Nilipokuwa mwalimu, katika shule ambayo sitaitaja, palikuwa na msichana wa darasa la saba, mpole, mwenye akili katika hesabu. Katika muhula wa kwanza tumbo lake likaanza kufura. Walimu tukatazamana. Mkubwa wetu akamwita, akamwuliza, naye akakana. Akaulizwa tena mbele ya watu, akakana akilia. Ikaamuliwa arudi nyumbani mpaka atakapojifungua. Barua ya kumpa baba yake niliiandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzangu. Miezi ikapita, na hakuzaliwa mtoto. Mama yake alimpeleka hospitali, akatiwa katika mashine ya picha, wakaona kifuko kikubwa katika ini. Alipasuliwa, akapona. Lakini mtihani ulikuwa umekwisha, na hakutaka tena kurudi mahali alipoaibishwa. Nilimwona miaka iliyofuata akiuza makaa kando ya barabara. Alinisalimu vizuri, akaniita mwalimu. Mimi sikujua la kusema.

Sisi tulikuwa tumesoma, tena katika kitabu cha sayansi cha darasa lile lile mna sura ya minyoo. Nimeiandika habari hii ili wewe, mzazi au mzee wa kamati ya shule, ukiona tumbo la msichana limefura, umpeleke kwanza kupimwa, na maneno yangoje.

Dalili zenyewe si nyingi. Tumbo hufura upande wa kulia chini ya mbavu, au lote. Pengine mtu huona uzito, hushiba upesi, au macho huwa ya manjano kifuko kikibana njia ya nyongo. Kikiwa katika pafu, huleta kikohozi na maumivu ya kifua, na mgonjwa hudhaniwa ana kifua kikuu. Hatari kubwa ni kifuko kupasuka ndani, kwa kuanguka, kwa kupigwa, au kwa kukandwa. Maji yake yakimwagika, mtu aweza kuwashwa mwili mzima, kukosa pumzi na hata kufa pale pale. Na asipokufa, vile vichwa vidogo vilivyomwagika huota vifuko vipya kila mahali. Kwa hiyo tumbo lililofura lisikandwe kwa nguvu, lisichanjwe, wala lisichomwe kwa chuma cha moto, ingawa anayefanya hivyo ni mzee anayeheshimiwa.

Matibabu yako. Hospitali ya Lodwar hupiga picha ya tumbo kwa mashine isiyoumiza hata kidogo. Hupakwa kitu kama mafuta na kupitishwa kifaa juu ya ngozi. Huko na katika hospitali ya misheni ya Kakuma wagonjwa wengi wa haidatidi wametibiwa kwa miaka mingi. Wengine hupasuliwa. Wengine hunywa vidonge vya albendazoli kwa miezi kadhaa chini ya ulinzi wa daktari. Wengine hutobolewa kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha, maji yakavutwa, ikatiwa dawa ya kuua vichwa vya minyoo, kisha ikavutwa tena. Na vifuko vingine vilivyokwisha kuzeeka na kufa vyenyewe huachwa na kutazamwa tu. Daktari ndiye achaguaye. Kazi yako ni kufika mapema, kifuko kingali kama limau, usingoje kiwe kama boga.

Nirudi sasa katika shamba, maana hili ni gazeti la wakulima. Huenda mkaniambia ya kuwa ninyi mmeacha kuhamahama, mmepewa vipande vya ardhi, mnalima mtama na kunde na sukuma wiki, na mbuzi mlio nao ni wachache. Basi ugonjwa huu ni wa wafugaji walio mbali. Ningependa iwe hivyo. Lakini fikirini pamoja nami jambo hili. Mayai ya mnyoo huuawa na ukavu na jua kali. Mbwa akienda haja katikati ya mchanga mweupe saa sita mchana, mayai yale hayadumu kwa saa nyingi. Jua letu, ambalo kila siku tunalilalamikia, ndilo askari wetu wa kwanza. Lakini akienda haja chini ya mmea uliomwagiwa maji, au kando ya mfereji penye unyevu na kivuli, mayai huweza kuishi siku nyingi. Na ndani ya maji yenyewe, au katika sakafu ya nyumba yenye giza, vivyo hivyo. Kwa hiyo sisi tulioleta maji shambani tumeleta chakula, na tumemletea mnyoo kivuli alichokuwa hana.

Tena tumekaa karibu karibu. Zamani awi moja na nyingine zilitenganishwa na mwendo mrefu, na mbwa walikuwa wa wenyewe. Siku hizi katika kijiji cha mashamba nyumba zaonana mlango kwa mlango, na mbwa wa jirani huchungulia sufuria yako. Ukimpa dawa mbwa wako wewe peke yako, wa jirani atayaleta mayai mpaka mfereji wako. Kazi hii yafaa ifanywe na kamati ya mashamba, kama inavyofanya zamu za maji.

Mboga yoyote inayoliwa mbichi, kama nyanya au vitunguu vya majani, ioshwe kwa maji safi mengi. Sukuma wiki na majani ya kunde yakichemka vizuri hayana hatari. Maji ya mfereji yasinywewe bila kuchemshwa, na wala si kwa ajili ya mnyoo huyu pekee. Mwenye kupalilia kando ya mfereji anawe mikono kabla ya kula. Watoto wanaocheza na mbwa wanawe pia. Najua sabuni ni ghali, lakini hata maji na jivu husaidia, kwa kuwa jambo lenyewe ni kuyaondoa mayai mikononi kwa kusugua. Mbwa azuiwe kuingia kitaluni; ua wa miiba ya mathenge watosha, na mathenge hatuna uhaba nao.

Sasa yale matumbo. Ng'ombe na ngamia ndio wenye vifuko zaidi. Katika uchunguzi wa wanyama waliochinjwa kaskazini mwa Turkana, uliotolewa mwaka 2002, ngamia 61 hivi katika kila 100 walikuwa navyo, ng'ombe 19, na mbuzi na kondoo 4 tu au kidogo zaidi. Mtu aweza kusema, basi mbuzi si neno. Lakini ngamia huchinjwa mara ngapi nyumbani kwako? Mbuzi huchinjwa kwa mgeni, kwa mgonjwa, kwa harusi, kwa kikao, na kila mara huchinjwa pale pale mlangoni, mbwa wakiwapo. Mbuzi mmoja katika ishirini na tano akiwa na kifuko, mbwa wa kijiji kizima hawatakosa chao kabla ya mwaka kwisha.

Ukipata ini au pafu lenye kifuko, fanya moja ya mambo haya. Lichome motoni mpaka liwe jivu. Au, kama wataka mbwa ale, lichemshe kwa nguvu muda wa nusu saa na zaidi, ukiwa umelikata vipande ili moto ufike katikati. Ukilifukia, shimo liwe la kwenda chini mpaka magotini au zaidi, na juu uweke mawe mazito, kwani mbwa mwenye njaa atalifukua usiku huo huo. Kulianika mtini hakufai. Nimeona watu wakifanya hivyo, na tai huliangusha. Mbuzi aliyekufa malishoni asiachwe vivi hivi, maana mbweha pia aweza kuubeba mnyoo huu.

Kuna kifuko kingine ambacho huenda ukakichanganya na hiki. Hicho huning'inia katika mafuta ya tumbo kama mfuko mwembamba wa maji, na ndani yake kina doa moja jeupe. Hicho ni mtoto wa tegu mwingine wa mbwa, naye hamdhuru mtu. Lakini kwa kuwa naye humrudia mbwa kwa njia ile ile, mfanyie kama mwenzake. Mtu asijisumbue kupambanua pale machinjoni: kila kifuko kiende motoni.

Hapa nataka nitoke kidogo nje ya Turkana. Katika nchi ya Australia kuna wanyama wanaobeba watoto wao katika mfuko wa ngozi tumboni. Mkubwa wao ni kangaruu, ambaye wengi mmemwona katika picha, na wako wadogo wanaoitwa walabi, wengine hawapiti ukubwa wa dikidiki sana, wanaoishi katika majabali. Nchi ile haikuwa na mnyoo huu. Aliletwa melini pamoja na kondoo na mbwa wa walowezi, ambao walianza kufika mwaka 1788. Kondoo wakaacha mayai? La, mbwa ndio waliyaacha, na walabi wakayala na majani. Leo mnyoo huyu amekwisha kuhamia porini kabisa, akizunguka kati ya walabi na mbwa mwitu wa huko bila kuhitaji kondoo wala mtu. Vifuko hukua upesi katika mapafu ya walabi wadogo, wakakosa pumzi, wakashindwa kukimbia juu ya majabali, na mbwa mwitu huwakamata. Ndivyo mnyoo apatavyo kurudi nyumbani kwake.

Nimewaeleza habari za wanyama hao wa mbali kwa sababu moja. Huko porini, nani atamfunga mbwa mwitu ampe kidonge? Hapa kwetu, ijapokuwa mbweha wapo, sehemu kubwa ya safari ya mnyoo bado yapita mikononi mwetu: kisu ni chetu, mbuzi ni wetu, na mbwa ni wetu. Katika kisiwa kingine cha nchi hiyo hiyo ya Australia, kiitwacho Tasmania, ambako mnyoo alikuwa hajakimbilia porini, wakulima walianza kazi ya pamoja katika miaka ya 1960, na mwaka 1996 kisiwa kilitangazwa kuwa kimeondolewa ugonjwa. Na huko Iceland, nchi ya barafu yenye kondoo wengi, ugonjwa ulikuwa umeenea vibaya sana. Mwaka 1863 alitumwa huko mtaalamu aliyeitwa Harald Krabbe. Alichunguza mbwa, kisha mwaka 1864 kikatolewa kitabu kidogo kwa lugha ya wenyeji, kikagawiwa bure katika nyumba. Watu wa huko walipenda kusoma wakati wa baridi, wakakisoma. Haikuwapo dawa nzuri ya mbwa siku hizo. Walilofanya zaidi ni kuwanyima mbwa matumbo mabichi, na ugonjwa ukaisha katika nchi yao. Sisi makarani hufurahi tukisikia karatasi imefanya kazi.

Siku hizi dawa ya mbwa iko, yaitwa prazikwanteli. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, yaani mbwa wa kilo 10 apewe miligramu 50, na kidonge chaweza kufichwa katika kipande cha nyama iliyopikwa. Mwulizeni Bwana Mifugo kabla ya kununua dukani. Msidhani kwamba ile dawa ya kunywesha mbuzi itafanya kazi hiyo. Kwa tegu huyu wa mbwa haitegemeki. Jambo moja husahauliwa na wengi: dawa huua minyoo, haiui mayai. Kwa hiyo mbwa akishakunywa, afungwe mahali pamoja kwa siku mbili, na mavi yake yazikwe shimoni au yachomwe. Anayeyashika atumie koleo au jani, kisha anawe. Kumpa dawa na kumwachia azurure ni kuyamwaga mayai kijijini.

Iko pia chanjo ya kondoo na mbuzi, iliyotengenezwa na wataalamu wa Australia na New Zealand, nayo imethibitika kuwa na nguvu, ikiwafikieni, msiikatae.

Dawa ya mbwa hairudiwi mara moja kwa mwaka kama watu wapendavyo. Yapasa kurudiwa kila majuma sita, kwa sababu mnyoo mpya huchukua muda kama huo kabla ya kutoa mayai. Ukimwahi kila mara kabla hajakomaa, mbwa wako hatatoa hata yai moja. Najua si kila nyumba ina kalenda, na hata mwenye nayo husahau. Basi tumieni mwezi wa mbinguni, ambao hakuna asiyeuona. Mpe mbwa dawa siku mwezi unapoandama. Acha mwezi huo upite wote, kisha mwezi unaofuata, siku utakapokuwa mpevu, mpe tena. Kutoka hapo hesabu mwezi mpevu mmoja zaidi, na utakapoandama baada yake, mpe mara ya tatu. Kila mara ni mwezi mmoja na nusu, siku 44 hivi, karibu sana na majuma sita. Kwa mwaka itakuwa mara nane. Kijana mmoja wa kamati apewe kazi ya kutazama mwezi na kupita nyumba kwa nyumba jioni hiyo, akiwa na daftari la majina ya wenye mbwa na idadi ya mbwa wao. Asiyeweza kuandika achore mstari mmoja kwa kila mbwa, nasi tutausoma.